Waraka kwa Mshauri Mwelekezi Atakayekuja Usangu

Kwako Mheshimiwa Mshauri Mwelekezi,

Karibu Usangu kabla hujafika. Jina lako silijui kwa sababu zabuni yako haijatangazwa, ila sina shaka kwamba unakuja. Tangu Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipotoa ripoti yake nene kuhusu bonde la Rufiji mwaka 1961, Usangu haijakaa muda mrefu bila mtaalamu wa kushuka Rujewa akiwa na ramani, gari jeupe na barua ya utambulisho kutoka wizarani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa bonde hili wameponywa mara nyingi mno, hata baadhi yao hawaishi tena hapa.

Mimi si mtaalamu wa maji. Ni mlaji wa wali, mnunuzi wa umeme wa LUKU na msomaji wa ripoti zenu, na hiyo ya tatu ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Nakuandikia mapema, kabla hujajaza ile sehemu ya ripoti inayoitwa "maelezo ya tatizo", kwa maana ikishajazwa hiyo, kurasa zote zinazofuata huwa ni viambatisho vyake.

Utakapofika utaambiwa kwamba Mto Ruaha Mkuu unakauka. Hilo ni kweli tupu. Mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ulikatika mwishoni mwa mwaka 1993, na miaka iliyofuata ukawa unakatika kiangazi baada ya kiangazi, mwanzoni kwa wiki chache, baadaye kwa miezi. Viboko wakabanana kwenye madimbwi yaliyobaki, samaki wakafa, tembo wakachimba mchanga kutafuta maji ya chini. Kisha, kabla chai haijapoa, utaambiwa nani kaukausha. Hapo ndipo nakuomba uweke kalamu chini kidogo.

Uniwie radhi nikikukumbusha jiografia ambayo huenda uliisoma kwenye ndege. Maji ya Usangu hayatokani sana na mvua ya Usangu. Mvua kubwa hunyesha juu, kwenye milima ya Uporoto na Kipengere, na mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha Mkuu wenyewe huyashusha maji hayo hadi kwenye uwanda ambao mvua yake haifiki hata nusu ya ile ya milimani. Mito inapoingia uwandani ndipo palipo na mabanio, mifereji na majaruba ya mpunga. Chini ya majaruba kuna Ihefu, kinamasi kisichokauka chote hata kiangazi, nayo Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, pale Ng'iriama penye mwamba. Ni kama beseni lenye pengo ukingoni: maji yakiwa juu ya pengo, mto unatoka, yakishuka chini yake, hata kwa unene wa kidole, mto umekwisha ingawa beseni bado lina maji. Kutoka Ng'iriama mto unapita hifadhini, unapokea Ruaha Mdogo na Kisigo, unaingia bwawa la Mtera, unashuka hadi Kidatu, na mwisho unaukuta Rufiji.

Sasa, Mheshimiwa, naomba tuyatenge maji ya bonde hili mafungu mawili, kwa kuwa kutoyatenga kumewagharimu watu nyumba zao. Kuna maji ya masika, mafuriko ya Februari hadi Aprili, ambayo hujaza kila shimo na kupita Ng'iriama kwa kishindo. Hayo ndiyo yanayoijaza Mtera. Halafu kuna maji ya kiangazi, kidogo sana, ambayo kuanzia Julai au Agosti ndiyo yanayoamua kama kiboko wa hifadhini atafika mwezi wa Disemba akiwa hai. Mambo haya mawili yana msimu tofauti, dawa tofauti na wahusika tofauti. Kwenye hotuba, hata hivyo, yamekuwa jambo moja kwa miaka 30: "mto umekauka, kwa hiyo umeme umekatika, kwa hiyo fulani aondoke."

Tufanye hesabu ya darasa la saba. Watafiti walioichunguza Ihefu miaka ya 2000, miongoni mwao wasomi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walikadiria kwamba ili mto usikatike hifadhini, inatosha pale Ng'iriama kupite mita za ujazo 0.6 kwa sekunde. Hizo ni lita 600. Zipitishe mfululizo kwa siku 180 za kiangazi, utapata mita za ujazo milioni 9 na ushei. Bwawa la Mtera hubeba zaidi ya bilioni 3. Kwa hiyo maji yote ambayo hifadhi inayalilia kwa nusu mwaka hayafiki hata theluthi ya asilimia moja ya bwawa. Mkulima anayefungulia maji jaruba lake mwezi wa Oktoba anaweza kabisa kumdhulumu kiboko. Kuizima taa ya Dar es Salaam hawezi, hata akiamua kufanya hivyo kwa makusudi.

Walakini ndilo kosa alilobebeshwa. Mgawo wa umeme wa mwaka 1992 na wa 1994 uliikuta nchi ikitegemea mno Kidatu yenye megawati 204 na Mtera yenye 80, na bwawa lilipopungua, macho yote yakapanda mto kuelekea Usangu. Wataalamu waliokaa chini wakapitia kumbukumbu za bwawa walionyesha kwamba upungufu wa Mtera mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulitokana zaidi na jinsi maji yalivyokuwa yakifunguliwa kutoka bwawani kuliko na mpunga wa wakulima. Ripoti hizo zipo kabatini. Ila mfungua bwawa ana ofisi, ana mwanasheria na ana simu ya mezani, ilhali mchungaji wa Ihefu ana fimbo. Ukiwa unatafuta mtuhumiwa na muda wa mkataba wako unayoyoma, najua utaanzia wapi.

Tena kuna mtumiaji mwingine wa maji ambaye sijaona akihojiwa. Mtera ikijaa hutanda juu ya kilomita za mraba zaidi ya 600, katika nchi kavu ya mpakani mwa Dodoma na Iringa, na maji yanayopaa kwa mvuke kutoka kwenye uso mpana hivyo kwa mwaka mmoja yanayapita kwa mbali sana yale milioni 9 ya kiboko wetu. Jua, hata hivyo, halijawahi kupewa notisi ya kuhama.

Nisieleweke kwamba Usangu haina wa kulaumiwa kwa kiangazi cha hifadhi. Wapo. Ila kabla ya kuwataja, hebu tutazame walivyotengenezwa, maana mkono wa taaluma yako umo.

Umwagiliaji wa mpunga hapa haukuletwa na mradi. Wabulushi waliohamia Rujewa enzi za ukoloni walichimba mifereji, na wenyeji wakaona faida wakafuata. Banio la siku hizo lilikuwa la mawe, miti, nyasi na magunia ya mchanga. Wataalamu wakilitazama walisikitika. Kila masika mafuriko yalilibomoa, na kila mwaka wenye mfereji walilazimika kukutana ili walijenge upya, wakagombana, wakapatana, wakala ugali pamoja, wakaendelea. Kiangazi lilivuja kila upande. Maji yaliyovuja yalikwenda kwa jirani wa chini, yaliyomponyoka jirani yakaenda Ihefu, na ya Ihefu yakatoka Ng'iriama. Kuvuja kule kulikuwa sheria ya mgawo ambayo haikuhitaji mgambo.

Mwaka 1996 ukaja mradi wa Benki ya Dunia wa kusimamia mabonde ya mito na kuboresha umwagiliaji wa wakulima wadogo. Zege likamwagwa, mageti ya chuma yakafungwa. Kwenye karatasi, mkulima angeacha kupoteza maji na kinachookolewa kingebaki mtoni. Geti likafanya kazi yake barabara: likaweza kuumeza mto mzima wa kiangazi bila kudondosha tone. Aliye juu akishazungusha usukani wa geti, aliye chini anarithi mchanga. Hakuna mkulima aliyewaomba uwezo wa kumkausha jirani yake, Mheshimiwa, mlimpa nyinyi, mkaukabidhi kwa hafla na utepe. Na mlipomkabidhi, ilikuwa Oktoba, kitalu chake kinanyauka, naye anajua kuwa mpunga unaovunwa mapema ndio unaokuta bei nzuri. Sijui mlitarajia atumie geti lile kwa utawa gani.

Hata hilo neno "upotevu" nakuomba ulitumie kwa tahadhari utakapoandika. Maji yanayotoka jaruba la juu huingia jaruba la chini. Yanayotoka la chini hurudi mferejini au hushuka Ihefu. Na mfereji unaoonekana kuachwa wazi kwa uzembe mwezi wa Septemba, mara nyingi ndio bomba la kijiji: humo kina mama huchota maji ya kupikia, watoto huoga, mafundi hufyatua matofali, mbuzi hunywa. Mtaalamu akipita na kipimo chake anaandika "ufanisi mdogo". Mama mwenye ndoo haulizwi.

Jumlisha na mashamba makubwa. Shamba la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1970, la Kapunga likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, na skimu ya Madibira ikafuata. Kila moja ni hekta 3,000 au kupita kidogo, na mpunga huhitaji lita 1 hadi 2 kwa sekunde kwa kila hekta, kwa hiyo mfereji mkuu wa shamba moja la namna hiyo hupitisha maelfu ya lita kwa sekunde. Kapunga mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mto ukakatika mwaka 1993. Sisemi kitu. Nimeziweka tarehe mbili ubavu kwa ubavu, na kama una nafasi katika jedwali lako, naomba nawe uziweke.

Kisha zikaja haki za maji. Kila skimu ilipewa cheti kilichotaja lita zake kwa sekunde, nao watumiaji wakalipishwa ada ili wajifunze kuthamini maji. Wakajifunza. Aliyelipa akasema haya ni yangu, nimelipia, na risiti ninayo. Kwa bahati mbaya lita zilizoandikwa kwenye vyeti ukizijumlisha zinauzidi mto wenyewe wa kiangazi, kwa kuwa cheti hakijui mwezi: kinasema lita zilezile Machi na Novemba. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikabadilisha cheti kikawa kibali. Mto haukupata taarifa ya badiliko hilo.

Nimetumia muda mrefu kwenye mageti na vyeti kwa sababu huko ndiko maji yalikokwenda. Sasa nije kwa watu waliolipa.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo mwaka 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Ahadi aliitolea London, ambako nadhani hapakuwa na hata mtu mmoja mwenye ufunguo wa banio. Wakati uleule kulikuwa na mradi wa uchunguzi wa Usangu, uliofadhiliwa na Waingereza kuanzia mwaka 1998, na wataalamu wake baada ya kupima mito, kuhesabu mifugo na kuchora ramani walihitimisha kwamba mto unakatwa na maji yanayochepushwa kwa umwagiliaji wakati wa kiangazi, na kwamba ng'ombe si chanzo cha kukauka kwake. Ni mara chache mtu hupata jibu la wazi hivyo kwa fedha za wafadhili. Jibu likapokelewa kwa shukrani, likawekwa mahali salama.

Mwaka 2006 ukame ukarudi, umeme ukakatika tena, na Serikali ikahitaji kuonekana ikifanya jambo. Kati ya mwaka huo na 2007 wafugaji wa Ihefu, wengi wao Wasukuma, Wataturu na Wabarabaig, wakaondolewa na mifugo yao. Ng'ombe wakatozwa faini, wakapakiwa, wakaswagwa. Wengine walifia njiani. Malalamiko yalipozidi, Rais Kikwete akaunda tume iliyoongozwa na Jaji Othman Chande kuchunguza jinsi zoezi lilivyoendeshwa.

Tuupe ushahidi wa ng'ombe nafasi yake, kwa hesabu ileile ya darasa la saba. Tuseme bondeni kuna ng'ombe 300,000 na kila mmoja ni mlevi wa maji, anakunywa lita 40 kwa siku. Ni lita milioni 12. Gawanya kwa sekunde za siku, unapata lita 140 hivi. Mfereji wa shamba moja kubwa hupitisha kiasi hicho mara 20 na zaidi mpunga unapokuwa shambani. Sikatai kwamba kwato huharibu kingo za mito na ng'ombe wengi mahali pamoja hula nyasi mpaka mzizi. Hilo ni tatizo la malisho, na lina wataalamu wake. Lakini pia kumwita ng'ombe mgeni Usangu kunahitaji ujasiri. Wasangu wenyewe, kabla ya mpunga na kabla ya mashirika, walijulikana kwa mifugo yao chini ya watemi wa ukoo wa Merere.

Basi ng'ombe wakaondoka. Mwaka 2010 ukafika, ukapita. Mto uliendelea kukatika kiangazi, na unaendelea. Katika maabara yoyote, mtu aliyeondoa kisababishi na ugonjwa ukabaki palepale angerudia uchunguzi. Huku kwetu, kisababishi kilihamishiwa wilaya nyingine. Wafugaji wengi walielekea Rufiji, Kilwa na Lindi, wengine wakaingia bonde la Kilombero, na mwaka 2012 wa Kilombero wakafuatwa na operesheni nyingine kwa hoja ileile ya kuokoa bonde. Ukipata nafasi, Mheshimiwa, chora ramani ya njia hiyo. Ina mishale mizuri.

Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali namba 28, Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ikapanuka hadi kilomita za mraba zaidi ya 20,000, kubwa kuliko hifadhi yoyote ya taifa nchini kwa wakati huo. Mstari wa mpaka ulipita juu ya vijiji vilivyosajiliwa, vyenye shule na sanduku la kura. Kwa hiyo wilayani Mbarali ukakua uzao wa watu wanaoitwa wananchi mwaka wa uchaguzi na wavamizi miaka minne inayofuata. Utakaposikia mtu wa huko akitaja "GN 28", usidhani anazungumzia karatasi. Anakueleza kwa nini hajaezeka nyumba.

Halafu mwaka 2017 ukaidhinishwa mradi wa REGROW, dola milioni 150 za Benki ya Dunia, kwa ajili ya maliasili na utalii wa kusini. Ndani yake kilikuwamo, utakisia, kipengele cha kuboresha umwagiliaji juu ya hifadhi ili maji yapatikane chini. Wanavijiji wakalalamika kwamba wanatishwa, wananyang'anywa mifugo na wanaondolewa. Jopo la Ukaguzi la Benki likaanza kuchunguza mwaka 2023, fedha zikasimamishwa Aprili 2024, na Novemba mwaka huo mradi ukafungwa. Naiheshimu sana Benki kwa kuwa na chombo cha kuikagua. Ni taasisi chache zinazoweza kufadhili geti, kisha kufadhili dawa ya madhara ya geti, kisha kufadhili uchunguzi wa madhara ya dawa.

Nawe usidhani namsukumia lawama mgeni peke yake. Nyumbani nako tuna kipaji. Azimio la Iringa la Siasa ni Kilimo lilitolewa mwaka 1972, kwa jirani kabisa na mto huu. Kilimo Kwanza ikaja mwaka 2009 na nguzo zake 10 na powatila zake. Mwaka 2010 ukazinduliwa mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT, unaoigusa Mbarali moja kwa moja, ukiahidi hekta 350,000 za kilimo cha kibiashara ifikapo mwaka 2030. Hekta ni kipimo kizuri kwa hotuba, kwa kuwa huzidishwa kirahisi. Tatizo ni kwamba hekta ya mpunga inakunywa, na ofisi inayoahidi hekta haipo jengo moja na ofisi inayoahidi mto. Mkurugenzi wa kwanza anapandishwa cheo skimu zikiongezeka, wa pili anakemewa mto ukikatika, na wote wawili wakikutana kwenye semina wanakubaliana kwamba wananchi wanahitaji elimu.

Kwa hayo yote, na kwa kuwa utaniuliza nataka nini, nitaomba vitu vichache, vyote ni nafuu kuliko gari lako.

Njoo Novemba. Wengi wenu huja Mei au Juni, uwanda ukiwa kijani na barabara zimeanza kukauka, mkapiga picha za korongo wa Ihefu, mkarudi. Njoo kipindi ambacho mto umelala, uanzie Ng'iriama upande juu, banio kwa banio, ukiuliza swali moja tu: ufunguo wa geti hili anao nani? Andika majibu. Ukifika juu utakuwa na orodha ambayo ripoti nyingi hazina.

Kabla ya kumwambia mtu afunge mfereji, hesabu visima vya kijiji chake. Wataalamu walishashauri zaidi ya mara moja kwamba kijiji chenye kisima cha pampu kinaweza kufunga mfereji Septemba bila kumwua mtu kwa kiu, na maji yanayookolewa hivyo ni mengi kuliko yanayookolewa kwa semina. Kisima hakina utepe mrefu wa kukata, nalijua hilo.

Vibali viandikwe kwa mafungu kiangazi kikifika: huyu theluthi, yule robo, mto nao fungu lake, liwe dogo au kubwa kulingana na maji yaliyopo siku hiyo. Lile banio la nyasi lilikuwa likifanya hivyo bila kibali. Wahandisi wanaweza kujenga la zege linalogawa hivyohivyo. Ujuzi upo, ila haujaombwa.

Na omba kumbukumbu za Mtera: maji yaliyoingia, yaliyofunguliwa, yaliyopaa, mwezi kwa mwezi. Sasa kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 linakula maji ya Rufiji hiyohiyo, orodha ya watu wa kulaumiwa siku likipungua imeshaanza kuandaliwa, nami ningependa kuona tarakimu zikitangulia majina kwa mara hii moja.

Mwisho, kuna mchezo. Mtafiti Mwingereza Bruce Lankford na wenzake waliucheza na wakulima wa Usangu: ubao umeinamishwa, gololi zinashuka kutoka juu, na kila mchezaji anaweka kizuizi chake kuzikamata. Wa juu wanajaza vikombe, wa chini wanabaki kutazama. Duru ya pili watu huanza kuzungumza, na zipo skimu ambazo baada ya mchezo huo ziliketi kupanga zamu. Nakuomba uitishe mchezo huo Rujewa. Alika mhifadhi, mwekezaji wa shamba kubwa, mwendesha mitambo wa Kidatu, afisa wa bonde, afisa kilimo, na mfugaji mmoja ukimpata bado yupo. Mkulima wa mkiani mwa mfereji umweke juu kabisa. Mwekezaji umweke mwisho wa ubao, tena umpe kiti kizuri, maana atakaa muda mrefu. Wewe mwenyewe usiwe mwamuzi. Chukua nafasi yoyote iliyobaki, bila kompyuta, uone utapata gololi ngapi.

Nakutakia safari njema na wasaidizi wenye subira. Mchele wa Mbarali ukiupenda, nunua kwa mkulima.

Wako mtiifu,
Mlaji wa wali

Nakala:
Mhifadhi Mkuu, Hifadhi ya Taifa ya Ruaha (kwa taarifa)
Ofisi ya Bonde la Maji la Rufiji (kwa kufungua jalada lingine)
Mwendesha mitambo, bwawa la Mtera (pamoja na kalamu)
Mshauri Mwelekezi atakayeajiriwa kutathmini kazi yako